Mafuta Yetu na Afya za Wavuvi wa Ziwa Mweru

Tarehe 30 Agosti, mwaka 2021, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu mjini Nairobi, lilitangaza kwamba petroli ya magari iliyotiwa madini ya risasi haiuzwi tena katika nchi yoyote duniani. Nchi ya mwisho kuiacha ilikuwa Algeria, mwezi Julai mwaka huo huo. Kwa makadirio ya shirika hilo, hatua hiyo inaepusha vifo vya mapema zaidi ya milioni 1 na laki 2 kila mwaka. Tangazo hilo lilipokewa kwa furaha, na lilistahili kupokewa hivyo.

Katika mazungumzo yetu ya leo tunapenda kuuliza swali moja linalotokana na tangazo hilo. Je, kuondoka kwa risasi kuna maana kwamba mafuta tunayoyashika kila siku yamekuwa salama? Ili kulijibu swali hili hatutakwenda katika miji mikubwa yenye misururu ya magari. Tutakwenda Nchelenge, katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia.

Ziwa Mweru lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,100. Mto Luapula unaingia upande wa kusini, na maji yanatoka upande wa kaskazini, karibu na mji wa Pweto, kwa mto Luvua uendao kuungana na Lualaba. Mwambao wa mashariki ni wa Zambia. Wa magharibi ni wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya soko na ya safari. Wavuvi na wachuuzi wa pande hizi mbili wanafahamiana, wanauziana na kuoleana. Tangu miaka ya 1970 na 1980 uvuvi wa dagaa wadogo waitwao chisense umekuwa tegemeo kubwa la watu wa huko. Dagaa hao huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, huanikwa juani, kisha husafirishwa kwenda kulisha miji ya Ukanda wa Shaba na ya Katanga.

Basi uvuvi huo wote umejengwa juu ya mafuta. Kwa muda mrefu mwanga wa usiku ulikuwa wa karabai, nayo karabai hula mafuta ya taa. Mashine inayosukuma mtumbwi hula petroli iliyochanganywa na oili. Lori linalobeba dagaa kwenda mjini hula dizeli. Na nyumbani, pale umeme usipofika, mtoto husoma kwa kibatari. Mtu wa Nchelenge anaweza kuishi maisha yake yote bila kumiliki gari, lakini hapiti siku moja bila kugusa, kunusa ama kuvuta moshi wa mafuta. Kwa hiyo jambo hili haliwahusu wenye magari peke yao.

Tuanze na kueleza mafuta yenyewe ni kitu gani. Mafuta yasiyosafishwa yatokayo ardhini ni mchanganyiko wa mamia ya vitu vilivyoundwa hasa kwa kaboni na hidrojeni. Katika kiwanda, mchanganyiko huo hupashwa moto, na kila sehemu huchemka na kutengana kwa kiasi chake cha joto. Zilizo nyepesi sana hutoka kwanza, nazo ni gesi za kupikia. Hufuata petroli, kisha mafuta ya taa, kisha dizeli, halafu oili za kulainisha mashine, na mwisho kabisa hubaki lami. Mafuta hayo yote ni ndugu wa tumbo moja, ila kila mmoja ana tabia yake, na mwenye kuzichanganya tabia hizo anachezea roho yake.

Petroli ni nyepesi mno. Hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa maneno mengine, hakuna siku wala usiku katika Afrika ambapo petroli iliyoachwa wazi haitoi mvuke wa kuwaka. Mafuta ya taa yaliyo safi ni mapole zaidi. Mpaka yapate joto la nyuzi 38 na kuendelea ndipo mvuke wake huweza kuwaka. Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya taa ya mafuta iwezekane kuwekwa ndani ya nyumba. Ikiondolewa tofauti hiyo, taa hugeuka bomu.

Tena mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu na kupotea kama moshi. Hushuka chini, ukatambaa sakafuni, ukajikusanya ndani ya shimo ama chini kabisa ya boti. Mvuvi anaweza kuimwaga petroli kidogo nyuma ya mtumbwi, akadhani imekauka, kumbe mvuke umelala miguuni pake ukingoja njiti ya kiberiti.

Mbali na sehemu za asili, mafuta hutiwa vikorombwezo vya kiwandani. Vipo vya kusafisha mashine, vya kuzuia mafuta yasiharibike yakikaa, vya kuyapa rangi, na vya kuzuia injini isigonge. Hicho cha mwisho ndicho kilichotuletea risasi, na historia yake inafaa kukumbukwa, maana ina funzo.

Mwezi Desemba mwaka 1921, mhandisi mmoja wa Marekani, Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya utafiti kwa niaba ya kampuni ya General Motors, aligundua kwamba kiasi kidogo cha kioevu chenye risasi kikitiwa katika petroli huizuia injini kugonga. Mwaka 1923 petroli hiyo ilianza kuuzwa. Sumu ya risasi haikuwa habari mpya; waganga waliijua tangu zama za Warumi. Hata hivyo kampuni iliyoundwa mwaka 1924 kwa ajili ya biashara hiyo iliitwa Ethyl, na neno risasi halikuonekana katika jina la bidhaa. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, katika kiwanda cha Bayway, jimbo la New Jersey, wafanyakazi walishikwa na wazimu wa ghafula kwa kuvuta mvuke wa kioevu hicho. Watano kati yao walikufa, na wengine wengi walilazwa hospitali. Midgley mwenyewe, ambaye alikwisha kuugua sumu ya risasi hapo kabla, alisimama mbele ya waandishi wa habari, akanawa mikono yake kwa kioevu hicho ili kuwatuliza watu.

Mwaka 1925 serikali ya Marekani iliitisha mkutano wa wataalamu. Daktari Alice Hamilton wa Chuo Kikuu cha Harvard na Profesa Yandell Henderson wa Chuo Kikuu cha Yale walitahadharisha kwamba risasi itakayotoka katika moshi wa magari itawaingia watu polepole, bila wao kujua. Hawakusikilizwa. Biashara ilishinda, na kwa muda wa miaka karibu 50 risasi ilitawanywa katika barabara za dunia nzima. Ilibidi aje mwanasayansi Clair Patterson, katika miaka ya 1960, aoneshe kwa vipimo kwamba risasi iliyomo katika miili ya watu wa sasa ni nyingi kupita kiasi cha asili, ndipo mabadiliko yaanze. Marekani ilipiga marufuku kabisa petroli hiyo katika magari ya barabarani mwaka 1996. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikutana Dakar mwezi Juni mwaka 2001, zikaazimia kuiacha, na kufikia tarehe 1 Januari mwaka 2006 zilikuwa zimeiacha.

Zambia inaufahamu ubaya wa risasi kuliko nchi nyingi. Katika mji wa Kabwe, zamani ukiitwa Broken Hill, madini ya risasi na zinki yalichimbwa na kuyeyushwa tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1994. Wenye faida walikwisha kuondoka na faida yao. Vumbi limebaki katika nyua ambamo watoto wa Kabwe hucheza. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Huharibu ubongo wa mtoto unaokua, hupunguza akili na uwezo wa kujifunza, na madhara hayo hayaponyeki. Kwa ajili hiyo, kuondolewa risasi katika petroli kulikuwa ukombozi wa kweli kwa watoto wetu.

Lakini ndugu wasikilizaji, tuangalie namna ushindi huo ulivyopatikana. Risasi haikuondoka kwa sababu kila dereva alielimika. Iliondoka kwa sababu serikali ziliamua, na kwa sababu mafuta hupita katika milango michache inayoweza kulindwa: meli, bandari, bomba na kiwanda. Kwa Zambia mlango mkuu ulikuwa bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililofunguliwa mwaka 1968, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao wa bandia na kuifanya njia ya kusini kuwa ya mashaka. Kiwanda cha Indeni cha Ndola kilianza kusafisha mafuta mwaka 1973. Mwishoni mwa mwaka 2021 kiwanda hicho kilisimamishwa, na mwaka 2023 bomba likaanza kusukuma dizeli iliyokwisha kusafishwa. Anayesimama penye mlango wa namna hiyo akiwa na sheria mkononi na maabara nyuma yake, anaweza kuizuia sumu isiingie nchini.

Mambo huwa tofauti mafuta yakishatoka kwenye tangi kubwa. Kutoka tangi la lori huingia katika pipa, kutoka pipa katika dumu, kutoka dumu katika chupa ya soda, na kutoka chupa katika taa ya mjane wa kisiwani. Katika safari hiyo ya mwisho hakuna mkaguzi. Na hapo ndipo zilipo hatari tano tunazotaka kuzitaja leo, kwa kuwa zinawahusu watu wa Mweru, na vilevile watu wa Tanganyika, Rukwa, Nyasa na Viktoria.

Hatari ya kwanza ni kughoshi mafuta, ama kama wanavyosema watu siku hizi, kuyachakachua. Pale mafuta ya taa yanapokuwa rahisi kuliko dizeli, wenye tamaa huyatia katika dizeli, na injini za watu huharibika. Tanzania ilipambana na jambo hilo kwa njia mbili. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyoghoshiwa yatambulikane. Mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake ikaribiane na ya dizeli. Hila ya wachakachuaji ilipungua nguvu, lakini tukubali pia kwamba mtu maskini mwenye kibatari alilipa gharama ya dhambi isiyokuwa yake.

Ughoshi mbaya zaidi ni ule wa kinyume chake, yaani petroli kuingia katika mafuta ya taa. Mara nyingine haufanywi kwa kusudi. Muuzaji hutumia dumu moja, leo kwa petroli, kesho kwa mafuta ya taa, naye hajui kwamba masalio yaliyobaki yameyaondolea mafuta yale upole wake. Mnunuzi hujaza karabai, akaipiga pampu, akaiwasha. Kilichokuwa taa hulipuka usoni. Katika mtumbwi, usiku, katikati ya ziwa, mtu aliyeungua hana pa kukimbilia ila majini.

Hatari ya pili ni kuhamisha mafuta kwa kunyonya mpira kwa mdomo. Desturi hii imeenea katika gereji na katika fukwe zote. Wengi hudhani kwamba ubaya wake ni ladha mbaya na kichefuchefu. Sivyo. Petroli na mafuta ya taa ni vioevu vyepesi vinavyoteleza; tone likipotea njia na kuingia katika pafu badala ya tumbo, husambaa upesi na kuchoma pafu lote. Kwa sababu hiyo hiyo mtoto anayekunywa mafuta ya taa aliyoyakuta katika chupa ya soda huwa katika hatari kubwa, na mafuta ya taa ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya watoto kudhurika kwa sumu katika bara letu. Mtoto huyo asitapishwe hata kidogo, wala asinyweshwe maziwa au mafuta ya kula kwa nia ya kumtapisha. Akitapika, mafuta hupata nafasi ya pili ya kuingia pafuni. Avuliwe nguo zilizolowa, ngozi yake ioshwe kwa sabuni na maji, na apelekwe hospitali mara moja, hata kama anaonekana mzima, kwa kuwa dalili za pafu huweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Hatari ya tatu ni benzini, mojawapo ya vitu vilivyomo ndani ya petroli yenyewe. Benzini huingia mwilini kwa pumzi na kwa ngozi, hushambulia uboho ambamo damu hutengenezwa, na huweza kuleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani halikutaja kiasi chochote cha benzini katika hewa kuwa ni salama. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2000 zimeiwekea petroli mpaka wa benzini usiozidi sehemu moja katika mia. Kuna jambo hapa la kuangaliwa kwa makini. Risasi ilipoondolewa, viwanda vilihitaji njia nyingine ya kuizuia injini kugonga, na njia mojawapo iliyo rahisi ni kuongeza vitu vya jamii ya benzini. Wengine walitumia kemikali iitwayo MTBE. Lakini katika jimbo la California ilivuja kutoka katika matangi ikaingia katika maji ya chini ya ardhi, hata mji wa Santa Monica ukalazimika kufunga visima vyake mwaka 1996. Tusikubali, basi, kuondolewa sumu moja kwa kuletewa nyingine ambayo haijapimwa. Fundi anayenawa mikono kwa petroli baada ya kazi, na kijana anayekaa kutwa nzima kando ya madumu yaliyo wazi, hao ndio wanaolipa deni hilo kwa damu yao.

Hatari ya nne ni maji. Mashine nyingi za mitumbwi ni za mtindo wa zamani, ambazo petroli yake huchanganywa na oili, kwa kawaida sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Mashine hizo hazichomi mafuta yote. Hata robo ya mafuta huweza kutoka na moshi bila kuungua na kuingia majini. Mwenye kuzidisha oili kwa kudhani anaipenda mashine yake huongeza moshi na uchafu, na fedha yake humwagika ziwani. Kisha huja oili chafu iliyokwisha kutumika. Hiyo imebeba masizi yenye vitu vinavyoleta saratani, pamoja na vipande vya metali vilivyosagika ndani ya injini. Wako wanaoimwaga ufukoni, wako wanaoipaka mbao za mtumbwi. Na ufukoni hapo hapo ndipo mama huchota maji ya kunywa, na dagaa huanikwa juu ya mchanga.

Katika fungu hili la maji tuliweke dumu pia. Dumu la plastiki lililobeba petroli huyanywa mafuta katika kuta zake. Hata likisuguliwa kwa sabuni na mchanga, na harufu ikapungua, mafuta huendelea kutoka kidogo kidogo katika maji yatakayotiwa humo. Dumu la mafuta lisigeuzwe dumu la maji kamwe.

Hatari ya tano ni moshi. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, ulitamka mwezi Juni mwaka 2012 kwamba moshi wa dizeli unaleta saratani kwa binadamu. Ubaya wake huzidi pale dizeli inapokuwa na salfa nyingi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilichukua hatua ya kusifiwa mwezi Januari mwaka 2015 zilipoingia katika kiwango cha dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika sehemu milioni. Na kuhusu moshi wa ndani ya nyumba, Shirika la Afya Duniani mwaka 2014 lilishauri kwamba mafuta ya taa yasitumike kwa kupikia wala kwa mwanga. Masizi meusi yanayoonekana juu ya kuta karibu na kibatari ndiyo yale yale yanayotua katika mapafu ya mtoto anayesoma.

Ndugu wasikilizaji, pengine kuna atakayesema kwamba watu wa mwambao ni wabishi na hawasikii. Hatukubaliani na maneno hayo. Mtu anauza petroli kwa chupa kwa sababu kituo cha mafuta kiko mbali na kisiwa chake. Mtu anatumia dumu moja kwa kazi tatu kwa sababu dumu ni fedha. Mtu ananyonya mpira kwa sababu hakuna aliyemletea pampu. Hata zile ajali kubwa za malori ya matangi, ambazo zimeliza mataifa yetu, zilianza na umaskini: Sachangwan, Kenya, mwezi Januari mwaka 2009, Sange, Kivu ya Kusini, mwezi Julai mwaka 2010, na Morogoro, tarehe 10 Agosti mwaka 2019. Sange peke yake walikufa watu zaidi ya 200. Baadhi ya waliokufa katika ajali hizo walikuwa wamekaribia kuchota ama kutazama mafuta yaliyomwagika. Kuwalaumu marehemu hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kuwafahamisha walio hai kwamba mvuke wa petroli hufika mbali kuliko macho yanavyoona, na kuwawekea njia ya kuishi isiyowalazimu kuchezea mauti.

Njia hiyo si ya gharama kubwa. Kwanza, madumu yatofautishwe kwa rangi: rangi moja ya petroli, nyingine ya mafuta ya taa, nyingine ya maji, na serikali za wilaya na machifu wa mwambao wazisimamie rangi hizo pande zote mbili za ziwa, kwa maana dumu huvuka mpaka bila pasi. Pili, mafuta yasitiwe katika chupa za vinywaji, na popote yanapowekwa yafungwe vizuri na kuwekwa juu, mbali na mikono ya watoto. Tatu, vyama vya ushirika vya wavuvi vinunue pampu ndogo za mkono. Bei ya pampu moja si kitu ikilinganishwa na pafu la kijana mmoja. Nne, tangi la mashine lijazwe nje ya mtumbwi, ufukoni, injini ikiwa imezimwa, na pasiwe na sigara wala karabai karibu. Tano, kila bandari ya wavuvi iwe na pipa la kukusanyia oili chafu. Sita, penye moto wa mafuta utumike mchanga au blanketi zito, usimwagwe maji, kwa kuwa mafuta huelea juu ya maji na kuusambaza moto. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20 hivi, asipakwe mafuta wala dawa ya meno, kisha apelekwe kwa mganga.

Lililo kubwa zaidi ni kuubadilisha mwanga wenyewe. Katika maziwa mengi ya eneo letu taa za betri na za umeme wa jua zimekwisha kuingia katika mitumbwi, na wavuvi wameona kwamba dagaa huufuata mwanga, hawaulizi umetoka wapi. Taa hiyo haina mvuke, haina moshi, wala haihitaji kununuliwa mafuta kila jioni. Kikwazo chake ni fedha ya kuanzia, na hapo ndipo mikopo ya ushirika na hatua za serikali zinapotakiwa. Serikali inayoweza kupanga kodi ya mafuta ya taa inaweza vilevile kuipunguzia kodi taa ya jua. Na betri zilizochakaa zikusanywe kwa utaratibu, kwa kuwa nyingine zina risasi ndani yake. Itakuwa jambo la aibu kuifukuza risasi kwa mlango wa petroli kisha kuikaribisha kwa mlango wa betri.

Ilichukua dunia karibu miaka 100, tangu mwaka 1921 hadi mwaka 2021, kuirekebisha dhuluma ya petroli yenye risasi, ingawa ukweli ulisemwa waziwazi tangu mwaka 1925. Wavuvi wa Nchelenge, Chiengi, Kilwa na Pweto hawana miaka 100 ya kungoja. Hatari tulizozitaja leo zinajulikana, na dawa yake inajulikana. Wananchi watimize wajibu wao wa kutenga madumu na kuacha kunyonya mipira. Wafanya biashara wauze mafuta kama yalivyotoka katika tangi. Na serikali za nchi zinazozunguka maziwa yetu ziufikishe mkono wa sheria na wa msaada mpaka ufukoni, kule mafuta yanakoishia na maisha ya mvuvi yanakoanzia kila jioni.